Mshumaa wa salfa, mishumaa mingine, na kile kinachobaki hewani baada ya kuwashwa

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Mishumaa ya salfa hutajwa mara kwa mara katika mijadala ya kuua kunguni, ya kuondoa ukungu ukutani, na hata ya kusafisha hewa ya nyumba, na anayeuliza mara nyingi hujibiwa kwa mkato kwamba anunue, awashe, afunge mlango, basi. Nimeona jambo hili lipate uzi wake, pamoja na matumizi mengine ya mishumaa ambayo watu huyatia kapu moja nayo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo ili anayetaka kupinga ajue pa kunishikia: mshumaa wa kawaida huwashwa kwa ajili ya mwanga, na gesi zinazotoka ni mabaki yake; mshumaa wa salfa huwashwa kwa ajili ya gesi, na mwali wake ni njia tu ya kuitengeneza gesi hiyo. Kwa hiyo mazoea yote tuliyo nayo ya kukaa chumba kimoja na mshumaa unaowaka hayafai hata kidogo kwa huu wa salfa.

Ulivyo na unavyowaka

Mshumaa wa salfa hauna nta. Ni salfa iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kopo la bati, au ikagandishwa kuwa kipande kama cha sabuni ya mche, na katikati ikatiwa utambi wa kuwashia. Upo pia wa namna ya ukanda, yaani karatasi au kitambaa kilichochovywa katika salfa ya moto na kuachwa kigande, ambao hutumiwa zaidi na watengenezaji wa mvinyo. Kwenye mshumaa wa nta, utambi ndio unaofanya kazi yote: huinyonya nta iliyoyeyuka, nta hiyo hugeuka mvuke, na mvuke ndio unaoungua. Kwenye salfa, utambi ni wa kuanzishia tu. Salfa huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 115 za Selsiasi, na ikishapata joto la kutosha uso wake wote unaweza kushika moto, kwa hiyo kuupuliza mwali au kuukata utambi hakuhakikishi kwamba moto umezimika.

Ukiutazama ukiwaka mahali pa wazi, nawe umesimama upande unakotoka upepo, utaona ile salfa ya manjano ikilegea pembeni mwa utambi na kuwa kimiminika chepesi cha rangi ya kaharabu. Joto likipita nyuzi 160 kimiminika hicho hubadilika kuwa chekundu cha kudhurungia, na badala ya kuzidi kuwa chepesi kama vimiminika vingi vinavyopashwa moto, kinakuwa kizito. Mwali wake ni wa buluu, mfupi, usio na masizi, na mchana kweupe huonekana kwa shida sana. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu mtu hudhani umezimika, akainama kuchungulia, na pumzi ya kwanza anayovuta humbana koo.

Kinachombana ni salfa dayoksaidi. Hesabu yake ni nyepesi na ningependa kila anayefikiria kuuwasha mshumaa huu aifanye kwanza: kila gramu moja ya salfa huchukua takriban gramu moja ya oksijeni na kutoa gramu mbili za gesi. Chukua chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5, ambacho ujazo wake ni mita za ujazo 30. Gramu 100 za salfa zikiungua zote humo, hutoka gramu 200 za salfa dayoksaidi, yaani karibu gramu 6.7 kwa kila mita ya ujazo, ambazo ni takriban sehemu 2,500 katika kila sehemu milioni za hewa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inahesabu sehemu 100 kwa milioni kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai, na inapendekeza wastani usiozidi sehemu 2 kwa milioni kwa siku nzima ya kazi. Mtu mwenye pumu anaweza kubanwa na kifua hata chini ya sehemu 1 kwa milioni, hasa akiwa anafanya kazi ya kumtoa jasho. Gramu 100 si nyingi. Ni kiasi kinachoenea kwenye kiganja.

Je, unaua vijidudu?

Jibu la swali hili ndilo linalowashangaza wengi. Katika miaka ya 1880, wataalamu wa afya ya umma wa Marekani walipendekeza ratili 3 za salfa kwa kila futi za ujazo 1,000 ili kutakasa chumba alimolala mgonjwa. Ukibadilisha vipimo hivyo unapata karibu gramu 48 za salfa kwa kila mita ya ujazo, ambazo ni zaidi ya mara kumi na nne ya kile kiasi cha salfa cha mfano wangu wa juu. Tena walisisitiza kwamba chumba kiwe na unyevu, kwa kuwa gesi hiyo ikiwa kavu haiwezi kufanya mengi. Inahitaji maji ili igeuke kuwa asidi. Ndiyo maana chombo cha salfa kilisimamishwa ndani ya beseni la maji, ambalo lilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, yaani kutoa mvuke na kuikinga sakafu isishike moto endapo chombo kingepasuka.

Hata kwa kiasi hicho kikubwa, matokeo hayakuwa ya kujivunia. Mwaka 1881 Robert Koch, yule daktari wa Ujerumani aliyekuja kugundua bakteria wa kifua kikuu mwaka uliofuata, alichapisha majaribio yake ya viua vijidudu na kuonyesha kwamba salfa dayoksaidi haikuziangamiza mbegu za bakteria wa kimeta. Tafsiri yake kwa mtu wa leo ni kwamba mshumaa mdogo wa salfa unaowashwa chumbani unatoa gesi inayotosha kabisa kumdhuru binadamu lakini isiyotosha kuangamiza vijidudu vilivyokusudiwa. Sijui kama kuna bidhaa nyingine ya nyumbani yenye uwiano mbaya kiasi hicho.

Kwa wadudu na panya mambo yalikuwa tofauti. Mnyama anayepumua humalizwa na gesi hii mapema, na ndiyo sababu meli zilifukizwa kwa salfa ili kuua panya wakati wa hofu ya tauni. Vilevile, wakati wa ujenzi wa mfereji wa Panama, vikosi vya afya chini ya daktari William Gorgas viliziba nyufa za nyumba kwa karatasi na kufukiza kwa salfa na unga wa pareto ili kuua mbu waenezao homa ya manjano. Ugonjwa huo ulikuwa umetoweka katika eneo la mfereji ifikapo 1906, ingawa haki ni kusema kwamba kufunika mapipa ya maji, kumwaga mafuta juu ya madimbwi na kuweka nyavu madirishani kulikuwa na mchango mkubwa, labda kuliko moshi wenyewe.

Mahali ambapo salfa bado ina kazi halali

Kazi ambayo sioni mbadala wake rahisi ni ya mapipa ya mvinyo. Mbao za mwaloni zina vinyweleo, na mvinyo huingia milimita kadhaa ndani ya ubao, mahali ambapo brashi haifiki. Pipa likikaa tupu, bakteria wa siki na kuvu huota humo. Mtengenezaji huning'iniza kipande cha ukanda au kidonge cha salfa kwenye waya, akakiwasha, akakishusha kupitia tundu la pipa na kuliziba, gesi ikaenea na kupenya ubao. Kwa pipa la lita 225, kipimo kilichozoeleka ni gramu 5 hivi. Yapo mambo mawili ambayo fundi mzuri hayaachi. La kwanza ni kikombe kidogo chini ya ukanda, kwa sababu tone la salfa isiyoungua likidondokea ndani ya pipa litakutana baadaye na hamira ya mvinyo, na hamira itaigeuza kuwa haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza. La pili ni kutothubutu kushusha moto katika pipa lililokuwa na pombe kali karibuni, maana mvuke wa pombe uliobaki humo unaweza kulipuka.

Kwenye vitalu nyumba, mishumaa ya salfa iliwashwa kati ya msimu mmoja na mwingine ili kuua utitiri mwekundu na kuvu waliojificha kwenye nguzo na nyufa. Sharti lake ni kwamba kitalu kiwe kitupu, bila mmea hata mmoja, kwa kuwa gesi hiyo huunguza majani. Hapa pana mkanganyiko unaowagharimu wakulima. Kipo kifaa cha umeme kinachopasha salfa joto hadi itoe mvuke bila kuwaka, na mvuke huo hutua juu ya majani kama unga mwembamba unaozuia ugonjwa wa kuvu uitwao ubwiri unga. Kifaa hicho hutumika mimea ikiwemo. Salfa ni ileile, lakini moja imegeuka mvuke na nyingine imeungua, na tofauti kati ya hizo mbili ni zao zima. Kifaa hicho kikipata joto kupita kiasi, salfa ikashika moto, mkulima atakuta asubuhi majani yamebabuka.

Yapo pia makopo ya moshi ya kutia kwenye mashimo ya fuko na panya wa shambani, ambayo huchanganya salfa, mkaa na chumvi ya naitreti ili yawake hata pasipo hewa ya kutosha. Hayo ni ya ardhini tu. Hayana kazi chini ya sakafu ya nyumba inayokaliwa.

Mishumaa mingine

Ukitaka kuona jinsi umbo moja linavyoweza kubeba kazi zinazopingana, linganisha huu wa salfa na mshumaa wa klorati. Wa salfa hula oksijeni na kutoa sumu. Wa klorati hutoa oksijeni ya kupumua. Ni mche wa sodiamu klorati uliochanganywa na unga wa chuma. Ukishaanzishwa, sehemu ya chuma huungua na kutoa joto, joto hilo huvunja klorati, na oksijeni hutoka kwa wingi kuliko ile inayoliwa na chuma. Nyambizi hubeba mishumaa hiyo kwa dharura, na kanuni hiyohiyo ndiyo iliyomo katika vifaa vidogo vinavyolisha barakoa za oksijeni zinazoning'inia mbele ya abiria katika ndege nyingi. Kilo moja ya mchanganyiko huo humtosha mtu mmoja kwa takriban saa sita na nusu.

Hata hivyo kitu kinachotoa oksijeni hakisamehe uzembe. Tarehe 23 Februari 1997, katika kituo cha anga za juu cha Mir, kifaa cha aina hii kilichotumia lithiamu pakloreti kiliwaka moto na kurusha mwali kama tochi ya kuchomelea, watu sita wakiwemo kituoni, na kwa bahati wote walinusurika. Mnamo Machi 2007 mabaharia wawili wa nyambizi ya Uingereza, HMS Tireless, walifariki chini ya barafu ya Aktiki baada ya mshumaa wa oksijeni kulipuka, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye uchafu wa mafuta ulioingia ndani ya kopo.

Turudi kwenye mishumaa ya nta, ambayo historia yake ni ya utambi zaidi kuliko ya nta. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, ilikuwa lazima mtu akae na mkasi wa kukatia ncha ya utambi kila baada ya muda mfupi, la sivyo utambi ulirefuka, mwali ukatoa moshi, na mafuta ya mnyama yakachuruzika ovyo. Mwaka 1825 Mfaransa Cambacérès alileta utambi wa kusukwa, ambao unapowaka hujipinda na kuitoa ncha yake nje ya kiini cha mwali, mahali penye joto kali na oksijeni, ukajiteketeza wenyewe. Ni jambo dogo ambalo mtu huliona kila siku bila kulifikiria. Mwaka huohuo wanakemia Wafaransa Chevreul na Gay-Lussac walipata hataza ya kutengeneza mishumaa ya stearini, iliyo migumu na isiyo na uvundo wa mafuta, na baada ya 1850 nta ya parafini ikaja kushusha gharama ya yote.

Mshumaa uliwahi pia kuwa kipimo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1860 ilieleza nguvu ya mwanga kwa mshumaa wa nta ya nyangumi wenye uzito wa sehemu moja ya sita ya ratili, unaoungua kwa kasi ya nafaka 120 (kipimo cha kale cha uzito) kwa saa, sawa na takriban gramu 7.8. Kandela, kizio cha leo cha nguvu ya mwanga, iliyopewa maana yake mpya mwaka 1979 bila kuhitaji mshumaa wowote, bado inakaribiana sana na mwanga wa mshumaa ule. Kabla ya hapo watu walipima hata saa kwa mishumaa yenye alama, na mhandisi al-Jazari alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1206 saa za mishumaa zilizokuwa na uzani wa kuusukuma mshumaa juu kadiri ulivyopungua.

Kuhusu mishumaa ya mchaichai ya kufukuza mbu, nitasema kidogo: utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico uliochapishwa mwaka 2017 haukuona kwamba mshumaa huo uliwapunguza mbu waliovutiwa na mtu. Na kuhusu ile mishumaa mitupu inayowekwa sikioni ikidaiwa kuvuta uchafu, ule unga wa kahawia unaoonyeshwa mwishoni ni nta na kitambaa cha mshumaa wenyewe. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeonya kuwa huunguza ngozi na huweza kutoboa ngoma ya sikio.

Mishumaa yenye manukato ni salama kwa wengi ikiwa utambi umekatwa ukabaki wa milimita sita hivi na hewa inapita. Tambi zenye waya wa risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka 2003, kwa sababu zilitoa mvuke wa madini hayo ndani ya nyumba.

Karibuni tujadili.

#2 Mzinga_Mkavu

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa maelezo marefu yenye mpangilio. Umewasahau wafugaji wa nyuki, nami naomba nijazie.

Masega matupu yanayohifadhiwa baada ya kurina asali hushambuliwa na nondo wa nta, hasa masega meusi yaliyowahi kulea majana (watoto wa nyuki), na ndani ya majuma machache hubaki utando na kinyesi cheusi. Tunayapanga masanduku yenye masega moja juu ya jingine, tunaziba nyufa, kisha tunaweka sanduku tupu juu kabisa na kuwashia salfa humo, ndani ya chombo cha chuma kisichogusa mbao. Wapo wanaodhani moto uwe chini kwa kuwa moshi hupanda. Salfa dayoksaidi ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko hewa, kwa hiyo ikishapoa hushuka yenyewe kupitia masega yote hadi chini. Ukiwasha chini, unapata masega ya juu yasiyoguswa, na juu ya hayo unahatarisha nta kuyeyuka na kushika moto.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba gesi hiyo huua nondo na viwavi, lakini mayai hubaki hai. Kwa hiyo anayefukiza mara moja akafunga stoo akaondoka, akirudi atakuta wamezaliwa upya. Inabidi kurudia baada ya takriban majuma mawili, mayai yakiwa yameanguliwa, na katika hali ya joto ni mapema zaidi. Tena masega yawe matupu kweli, kwa kuwa asali hunyonya gesi na kubadilika ladha. Kabla ya kuwarudishia nyuki, masega yapigwe na hewa hadi harufu iishe kabisa.

#3 Jicho_la_Pili

Nimesoma yote kwa makini, lakini naona mleta uzi ametia chumvi. Vizazi vilivyotutangulia vilifukiza nyumba kwa salfa kila palipokuwa na mgonjwa au kunguni, na watu hao walizaa na kuzeeka. Kama gesi hii ingekuwa hatari ya papo hapo kama unavyosema, si wangeisha wote? Halafu wapo wanaoiwasha kwa imani zao, kufukuza mabaya, na hatujasikia wamekufa.

#4 Mleta uzi

Ndugu Mzinga_Mkavu, nashukuru sana. Suala la mayai ndilo pia linalowaangusha wanaopambana na kunguni. Gesi haipenyi vizuri ndani ya godoro na mikunjo ya vitambaa, mayai yanastahimili, na kunguni waliosalia huhamia chumba cha pili.

Ndugu Jicho_la_Pili, hoja yako ni ya haki na inastahili kujibiwa. Waliotangulia walifuata utaratibu ambao leo haufuatwi. Maelekezo ya zamani yalitaka watu wote na wanyama watoke, nyufa zote zizibwe kwa karatasi na gundi, chumba kifungwe kwa saa nyingi, aghalabu siku nzima, kisha milango na madirisha yafunguliwe kwa muda mrefu kabla ya mtu kuingia. Anayewasha leo huwa ameketi chumba cha pili na mlango una mwanya chini yake wa kupitisha kidole. Isitoshe, nyumba nyingi za leo zinapakana ukuta kwa ukuta, au sakafu kwa dari, na jirani hakuulizwa. Kuhusu imani ya mtu sina la kusema, ila mapafu yake yatapokea gesi ileile bila kujali nia yake ya kuwasha. Kiasi kidogo cha salfa kinachomwashia mtu macho kwa dakika chache hakimuui. Mtoto mwenye pumu katika nyumba hiyo si wa kujaribiwa.

Na lipo jambo ambalo wazee hawakuwa nalo. Gesi hii ikikutana na unyevu huwa asidi, na asidi hiyo hula shaba, chuma na fedha, na huchujua rangi za vitambaa. Kwa sababu hiyohiyo iliwahi kutumika kusafisha sufu na kofia za ukindu ziwe nyeupe. Wao waliondoa vyombo vya chuma chumbani au walivipaka mafuta. Mtu wa leo ana friji, runinga na kompyuta, ambazo ndani yake zimejaa viungo vyembamba vya shaba na fedha. Huenda zisiharibike siku hiyo, lakini kutu itakuwa imeshaanza.

#5 Utambi_Mfupi

Naomba kuuliza. Nina ghala dogo lililofukizwa na mtu mwingine kabla sijalichukua. Niliambiwa kwamba nikitaka kujua kama hewa imekuwa salama niingize mshumaa wa kawaida. Ukiwaka vizuri niingie, ukizimika nisubiri. Je, njia hii inafaa?

#6 Mleta uzi

Ndugu, haifai kabisa, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuingia.

Njia hiyo ilitoka kwa wachimbaji na watu wa visima na maghala ya kuchachushia, ambao adui yao mkubwa alikuwa upungufu wa oksijeni. Mshumaa huzimika oksijeni inaposhuka hadi karibu asilimia 16, wakati hewa ya kawaida ina karibu asilimia 21, hivyo ulimpa mtu onyo angali na nguvu za kurudi nyuma. Sasa rejea ule mfano wangu wa sehemu 2,500 kwa milioni: hiyo ni robo tu ya asilimia moja ya hewa. Oksijeni imepungua kwa kiasi ambacho mwali hauwezi kukitambua, na mshumaa wako utaendelea kuwaka kwa utulivu katika hewa ambayo wewe usingeweza kuvuta pumzi mbili. Vivyo hivyo mshumaa hauonyeshi kaboni monoksaidi, na palipo na methani au mvuke wa petroli wenyewe ndio unaoanzisha mlipuko.

Kwa salfa dayoksaidi pua yako ni kipimo bora kuliko mshumaa, kwa kuwa wengi huinusa au huionja mdomoni ikiwa karibu na sehemu 1 kwa milioni au hata chini ya hapo. Lakini pua nayo huzoea, kwa hiyo usiingie na kukaa ukisubiri kunusa. Fungua milango na madirisha ya pande zote mbili ukiwa nje, weka feni ikibidi, na ukumbuke alichosema ndugu Mzinga_Mkavu kwamba gesi hii hutuama chini. Kama ghala lina chumba cha chini au shimo, hapo ndipo itakapobaki mwisho. Pa namna hiyo paitiwe mtu mwenye kifaa cha kupimia gesi.

#7 Mzinga_Mkavu

Naongezea kwa ndugu Utambi_Mfupi, akague pia kama kuna mabaki ya salfa kwenye kopo au sakafuni. Mabaki yaliyoganda hayatoi gesi yakiwa baridi, hivyo yanaweza kuokotwa kwa glavu na kuwekwa katika chombo cha chuma chenye kifuniko. Asiyafagie kwa nguvu yakatimka vumbi, kwa sababu vumbi la salfa likiwa hewani hushika moto kwa cheche ndogo tu.

Na iwapo siku moja atakuta inawaka, aifunike kwa kifuniko cha chuma au aimwagie mchanga mkavu, au anyunyize maji kwa ukungu mwembamba akiwa mbali. Asielekeze bomba la maji lenye nguvu kwenye salfa iliyoyeyuka, kwa kuwa itaruka huku inaungua na kuwasha moto mahali pengine.

#8 Utambi_Mfupi

Nimewaelewa nyote. Ghala lina shimo la mizani upande wa nyuma, futi kadhaa kwenda chini, na sikuwa nimelifikiria. Nitafungua milango yote leo na shimo hilo nitaliacha hadi mpimaji wa gesi afike.